Kwa Kamati ya Nyasi: Rudisheni Sumu

Mayunga Ndalahwa,
Mkulima, Mfugaji na Mpiga Dawa,
Njia ya Nkololo,
Bariadi.

Ndugu Anatoli,
Mwenyekiti wa Kamati ya Nyasi,
Klabu ya Gofu ya Lamboni,
Bariadi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA SUMU KWENYE NYASI ZA KLABU

Mwangaluka. Natumaini umeamka mzima, na nyasi zako nazo zimeamka salama, maana siku hizi mtu akitaka kukujulia hali inambidi aanze na nyasi. Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha kwa kiasi chake, pamba imeweka vitumba, na ng'ombe wanashiba. Hilo la ng'ombe nitalirudia, kwa kuwa ni sehemu ya malalamiko.

Wewe na mimi tumechunga ndama pamoja na unanijua hata kwa kikohozi, lakini barua ya kiofisi ina taratibu zake, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni Mayunga mwana wa Ndalahwa, jirani yako wa upande wa chini, ambaye shamba lake na uwanja wako vimetenganishwa na uzio wa minyaa na lile lambo tunalonyweshea mifugo. Kuna watu wanaojulikana kwa ngoma, na kuna wanaojulikana kwa kesi. Mimi najulikana kwa bomba. Msimu wa pamba ukifika, kuanzia Nkololo hadi Zagayu, mtu akiona funza kwenye vitumba haulizi afanye nini, anauliza Mayunga yuko wapi. Bomba langu la mgongoni nimelipaka rangi ya bluu kwa mkono wangu mwenyewe, nalo lina mahali pake pa kulala penye heshima kuliko walipolala baadhi ya ndugu zangu.

Ndiyo maana klabu ilipofunguliwa nilifurahi kuliko hata ninyi mlioifungua. Niliposimama kwenye minyaa nikatazama ule ukijani wote, mchezo sikuuona. Niliona kazi.

Sasa nayaweka mbele yako malalamiko yangu, kwa namba, ili asiwepo mjumbe wa kusema hakuelewa.

1. Kuulizwa mdudu gani.

Nilifika ofisini kwenu nimevaa buti, bomba mgongoni, nimejipanga kama mtu anayekwenda kuposa. Bi. Stephania, afisa wenu wa nyasi, binti aliyesomea kilimo Morogoro, alinipokea vizuri sana. Alinipa kiti, akanipa chai ya maziwa na karanga, akaniita baba. Mpaka hapo sina lawama. Kisha akaniuliza nataka kuua mdudu gani. Nikamjibu kwamba nataka kuua wadudu. Akauliza tena, kwa upole uleule, wadudu gani. Nikamwambia wote, maana mimi kwenye kazi sina upendeleo.

Akatabasamu. Akanieleza kwamba ndani ya nyasi wamo wadudu wa kila namna, na wanaodhuru ni wachache. Wengine huwala hao wanaodhuru, wengine hulegeza udongo, na wengine wanapita tu na safari zao. Alisema ukimwaga sumu kila mahali unaua askari pamoja na mwizi, halafu mwizi ndiye anayekuwa wa kwanza kurudi na kuzaa.

Ndugu Mwenyekiti, nimepiga dawa tangu ndevu zangu zilipoota na sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Nilirudi nyumbani na bomba kavu. Watu wa njiani wakaniuliza kazi ilikuwaje, nikasema bado tunatafuta majina.

2. Kuajiriwa kwa mke wangu.

Siku chache baadaye mkamwajiri mke wangu Nyanjige. Sikukataa. Nilidhani anakwenda kufagia. Kumbe mmempa cheo, mkaguzi wa nyasi, na vifaa vya cheo hicho ni pete kubwa ya waya na kopo la maji ya sabuni. Alfajiri anatoka, anaitupa pete kwenye nyasi, anamwaga maji ya sabuni ndani ya pete, anachuchumaa na kusubiri. Viwavi waliojificha chini huwashwa na sabuni wakapanda juu. Nyanjige anawahesabu. Anaandika. Kisha anasimama na kwenda kuitupa pete mahali pengine.

Jioni moja nilimuuliza ameua wangapi. Akasema hajaua hata mmoja, amewakuta, amewaona, wako chini ya kiwango. Nikauliza kiwango gani hicho.

"Kiwango cha uvumilivu, Baba Salu," alisema. "Nyasi yenye afya inaweza kuwavumilia wachache."

Alisema hivyo huku akinitazama mimi, na tangu siku hiyo silali vizuri.

3. Elimu hiyo kuingia ndani ya nyumba.

Mdogo wangu Boniventura ni mchuuzi wa dagaa kule Lamadi. Biashara ikilegea huja kwetu kupumzika. Safari hii alikuja kupumzika akasahau kilichokuwa kimemchosha. Zamani Nyanjige angenung'unika, mimi ningekasirika, wazee wangeitwa, na jambo lingeisha kwa kelele na heshima kama inavyotakiwa. Safari hii hakusema neno. Alimchunguza. Alitazama anapenda kukaa wapi, anarudi saa ngapi, na anakula nini kwa furaha zaidi. Akagundua kwamba shemeji yake anastawi penye kivuli na chakula cha kuchelewa, sawasawa na ule ukungu unaoshika nyasi zenu zikimwagiliwa jioni badala ya alfajiri.

Basi kile kiti cha kuegemea kikaondoka barazani kwenda kukarabatiwa. Chakula cha jioni kikaanza kuliwa jua likiwa bado juu, wakati Boniventura yuko kwenye bao. Akirudi anakuta vyungu vimeoshwa na kufunikwa, naye anakaribishwa kwa tabasamu na matobolwa ya baridi, yale ya viazi vilivyokaushwa.

Aliaga mwenyewe. Alishukuru kwa ukarimu, akatuombea baraka, akapanda gari la Lamadi. Hakufukuzwa, Ndugu Mwenyekiti. Mazingira yalibadilishwa. Nimejaribu kukasirika kwa niaba ya ukoo wangu nikashindwa, kwa sababu hakuna mtu wa kumkasirikia. Je, hii ndiyo klabu mliyotuahidi?

4. Nyasi ndefu kandokando ya lambo.

Hili ni fupi. Upande wenu mmekata nyasi mpaka mtu anaona aibu kukanyaga, lakini ukanda wote unaozunguka lambo mmeuacha ukue kama nywele za mjane. Nilipouliza nikaambiwa umeachwa makusudi, ili chochote kinachotiririka kutoka uwanjani kikamatwe hapo kabla ya kufika kwenye maji. Mimi naona ni uvivu uliopewa maelezo. Hata hivyo nakiri kwamba maji ya lambo mwaka huu ni meupe, na kwamba ndama hawajaharisha. Sisemi mambo hayo yana uhusiano.

5. Jambo la viwavijeshi.

Hapa naomba usome ukiwa umekaa, maana wewe mwenyewe umo.

Ilikuwa wiki ya mashindano yenu makubwa. Wageni wa Mwanza na Shinyanga walikuwa wamekwisha kusema wanakuja. Ukame ulikuwa umekaa, kisha mvua ikapiga kwa ghafla, na kila mkulima wa Simiyu anajua nani hufuata mvua ya namna hiyo. Nyanjige alirudi nyumbani mapema, akakaa mbele ya chai yake, hakuinywa. Aliniambia kwamba kwenye nyasi za shimo la sita na la saba la mchezo wenu pete imejaa. Safari hii hawakuwa chini ya kiwango. Alisema ukichuchumaa unasikia nyasi zikitafunwa.

Namfahamu mke wangu. Alikuwa anaogopa. Klabu ni changa, na kitu kichanga kikichekwa mbele ya wageni hakiinuki tena. Na yeye kazi ile anaipenda. Hajawahi kuniambia hivyo, lakini huipiga pasi sare yake kwa makini ambayo mashati yangu hayajawahi kuyaona.

Kamati ilikaa. Nimesimuliwa yote. Bi. Stephania alieleza kwamba ukaguzi umeonyesha ni mashimo mawili tu yaliyozidi kiwango, mengine bado yanavumilika. Akaomba siku mbili. Alitaka mashine ikate nyasi juu zaidi ili zipate nguvu, ndege waachiwe wafanye kazi, na pakibaki mahali pabaya pakapigwe hapo hapo tu, mbali na maji, kwa dawa isiyoua kila kiumbe. Mjumbe mmoja akamuuliza ndege wako wapi. Akakiri kwamba hata yeye hawaoni. Wewe ukasema kamati inampa siku zake mbili, mkapiga makofi, kikao kikafungwa.

Kisha ukatoka nje ukanipigia simu.

"Mayunga, njoo na bomba," ulisema. "Pitia chini, usipite ofisini."

Sikulaumu. Ulikuwa na hofu ileile ya mke wangu, ila yako ilikuwa na simu mkononi. Na kusema kweli, tangu nizaliwe sijapigiwa simu tamu kama ile.

Ilikuwa alasiri, muda wa kunywesha. Nikawaacha ng'ombe malishoni wajitegemee, nikavaa bomba, nikashika ndoo mkono mmoja na chupa ya dawa mkono mwingine. Nilipopita lango la minyaa sikuwa na mkono wa tatu wa kulifunga. Nikashuka lamboni kuchota maji ya kuchanganyia. Nimeinama, ndoo imekwisha kugusa maji, nikaona mbele yangu miguu ya mtu.

Alikuwa Nyanjige, ametoka shimo la saba, pete ya waya begani. Aliuliza ni nani aliyeniita. Nililinda jina lako, Ndugu Mwenyekiti, na naomba hilo likumbukwe siku ya kugawa vyeo. Akatazama bomba, akatazama chupa, akatazama mteremko unaotoka shimo la saba hadi pale majini. Hakupaza sauti.

"Baba Salu," alisema, "ukipiga pale juu na mvua ikanyesha, ng'ombe wako watakunywa wapi?"

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi, na dawa yangu huenda ninapoituma. Lilikuwa jibu zuri. Lakini kabla sijalimaliza nikasikia kwato nyuma yangu. Muda wao wa kunywa ulikuwa umefika, lango liko wazi, nao wanalijua lambo kuliko mimi. Walikuja wakajipanga kulia na kushoto kwangu, wakainamisha vichwa, wakaanza kunywa pale pale ndoo yangu ilipokuwa. Yule mtamba mwenye mabaka, ambaye nilimlea kwa chupa mama yake alipokufa, akanisogelea kwa mazoea akitafuta chumvi, akatoa ulimi kulilamba bomba.

Nililivuta kutoka mgongoni. Sijawahi kuvuta kitu kwa haraka namna ile. Niliteleza nikakaa kwenye matope, nimelikumbatia bomba kifuani, mtamba ananitazama asielewe kosa lake. Nyanjige alikuja akaninyanyua kwa kwapa, akaninawisha mikono kwa ile sabuni yake mbali na maji, na hakusema kitu, jambo ambalo nalo ni malalamiko, kwa sababu angesema ningepata la kujibu.

Sasa, ng'ombe wa Usukuma hawatembei peke yao. Nyuma yao walikuwa wamekuja yangeyange, wale ndege weupe wanaookota vinavyorushwa na kwato. Ng'ombe walipomaliza kunywa wakapanda mteremko kufuata nyasi, kama ng'ombe yeyote mwenye akili, na yangeyange wakapanda nao. Pale kwenye shimo la saba, wa kwanza akasimama. Akainamisha shingo. Akameza. Akainamisha tena. Wenzake walimtazama kidogo tu, kisha hawakuhitaji kuelezwa.

Bi. Stephania alikuja akikimbia. Nilijua anakuja kuwafukuza ng'ombe, kama klabu ilivyozoea. Alipofika alikuwa anahema na anacheka kwa wakati mmoja. Aliniomba niwatoe ng'ombe kwenye nyasi fupi za mashimo, kwato zisiziharibu, lakini nisiwaondoe. Niwapitishe taratibu kwenye nyasi ndefu za pembeni, kwenda na kurudi, ili ndege wasipate sababu ya kuhama.

Ndivyo nilivyojikuta, mimi Mayunga wa bomba, nachunga ndege kwenye uwanja wa gofu, bomba tupu mgongoni, matope makalioni. Ukaja wewe na viatu vyako vyeupe vya kuchezea. Ulinitazama, nikakutazama. Ukaokota fimbo ukaenda kusimama upande wa pili wa kundi, ukawa unawarudisha wale wanaochepuka, kwa mluzi uleule wa utotoni. Tulikwenda hivyo mpaka jua likazama. Anga ya upande wa Maswa ilikuwa inaleta weupe mpya kila tukiinua macho, na kesho yake korongo nao wakaja, bila hata kuhitaji ng'ombe.

Sijawahi kuona kazi yangu ikifanywa na mwingine kwa utulivu vile. Naomba fidia ya moyo.

6. Mikeka miwili.

Kando ya shimo la sita, mbali na maji, palibaki kipande ambacho ndege hawakukimaliza. Ukubwa wake ni kama mikeka miwili ya kulalia. Bi. Stephania akaja nyumbani asubuhi, akaniamkia kwa heshima, akaniomba mimi nikakipige. Bomba langu halikutakiwa. Alinipa la klabu, jipya, na dawa iliyotengenezwa kwa vijidudu, ambayo yeye anasema inaua viwavi tu na haimgusi nyuki wala samaki. Nikavishwa glavu na miwani. Tukasubiri mpaka upepo utulie. Nikapiga, nikamaliza kabla hata mkono haujapata joto.

Wageni wa Mwanza walikuwa wamekwisha kufika na walisimama wakitazama. Nilipozima bomba, wakapiga makofi.

Ndugu Mwenyekiti, nimesafisha mbuga za pamba za watu kutoka mwisho mmoja wa macho hadi mwingine na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Nimepewa mikeka miwili nikapigiwa. Hii ni dharau ya aina mpya, ambayo inamfanya mtu atembee siku nzima akitabasamu bila kujua anatabasamia nini.

7. Cheo cha ng'ombe.

Ng'ombe ambao walinzi wenu walikuwa wakiwafukuza kwa fimbo za gofu sasa wanasalimiwa. Mmoja wa wageni aliomba kupiga picha na yule mtamba wa mabaka, akaniomba mimi nisogee kidogo. Watoto wa shule wakipita wanaulizana ni wapi wanapokaa wale ng'ombe wa viwavi. Mimi niliyewanunulia chumvi natajwa kama mtu wanaokaa kwake.

Kutokana na hayo yote, naomba Kamati itekeleze madai yafuatayo, au itoe sababu kwa maandishi:

Kwanza, sumu irudishwe, ya kutosha, kila mahali, pasipo kuuliza jina la mdudu. Mdudu asiye na hatia athibitishe mwenyewe.

Pili, kama mnang'ang'ania kutumia ndege, basi yangeyange waajiriwe kwa taratibu. Wahudhurie mkutano wa mtaa, wachangie madawati ya shule kama sisi wengine, na wakichelewa kazini waandikwe. Haiwezekani mtumishi wa klabu akalala juu ya mti wa mtu na asiulizwe.

Tatu, kiwango cha uvumilivu kikishakuwa sheria ya nyasi, kiwe sheria ya wote. Kwenye vikao vya Kamati yako itupwe pete ya waya, wahesabiwe wajumbe wanaosinzia ndani yake. Wakiwa wachache wavumiliwe. Wakizidi, wasifukuzwe. Viti viondolewe tu.

Nne, ng'ombe wangu wapewe uanachama kamili na kura, au wapigwe marufuku kabisa. Kuwaita penye matatizo na kuwafungia lango penye sherehe ni jambo ambalo sisi binadamu tumelizoea, lakini wao bado.

Tano, kwa kuwa ng'ombe wenye kura watakuwa wengi kuliko wajumbe, nipewe mimi nafasi ya kuwa mkalimani wao, na ndipo kwa wingi wa kura tutaipitisha sumu tena kwa njia ya kidemokrasia.

Sita, mke wangu apelekwe semina ya kutokuwa sahihi, hata mara mojamoja.

Namaliza kwa salamu. Msalimie mkeo na watoto. Msalimie Bi. Stephania, umwambie ile chai ya karanga haikuwa mbaya, ubaya ulikuwa kwenye maswali. Wasalimie walinzi, na yule kijana wa mashine ya kukata nyasi, na wajumbe wote, walio macho na waliolala. Nyanjige naye angekusalimu, ila amekwenda Maswa kumtazama dada yake aliyejifungua, na hajui kwamba naandika. Kuku, mbuzi na waliobaki hapa nyumbani wanakusalimu.

Ni mimi jirani yako niliyeumizwa na mafanikio yenu,

Mayunga Ndalahwa

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa; na mdogo wangu Boniventura, Lamadi, kwa kumbukumbu zake.

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii, nikaona nipite kwanza kwenye mtama kabla ya kuileta. Wamo. Viwavijeshi wameingia kwenye mtama wangu upande wa juu. Nilirudi kuchukua bomba, nikalijaza, nikalivaa, nikafika mstari wa kwanza. Ndipo nikaona kwenye majani kuna viwavi na kuna wadudu wengine wadogo wanaotembea kwa haraka, na sijui kama ni askari au ni wezi. Nimesimama nikiwatazama mpaka jua limepanda. Ng'ombe siwezi kuwaingiza, watamaliza mtama kabla ndege hawajamaliza viwavi, kwa hiyo jambo hili linahitaji mtaalamu. Tafadhali mtume Bi. Stephania aje leo hii, na aje na pete yake, maana ya Nyanjige sijui ameiweka wapi. Afanye haraka. Jirani yangu Mhoja amesimama kwenye mpaka na bomba lake limejaa, anataka tupige pamoja tumalize. Nimemwambia asubiri kwanza. Ameniuliza tunasubiri nini. Nimemwambia nimeshaiandikia Kamati.